Mwana wa Pwani na Wiki Moja ya Theluji

Dada yangu alinipigia simu baada ya Swala ya Isha, sauti imemkauka. "Kaka," aliniambia, "mwanao ameharibikiwa. Pesa zote alizochuma huko bara anataka kwenda kuzimwaga Italia, akateleze juu ya theluji. Nenda kaseme naye. Wewe ndiye mjomba."

Kwetu pwani mjomba haitwi mara mbili. Juma lile lile nilipanda basi Malindi, nikalala njiani, nikapita Nairobi na Kisii, nikateremka Migori na mgongo umekuwa kama ubao. Kutoka hapo nikaendelea kwa pikipiki hadi Osiri, katika Nyatike, nikiwa nimejaa vumbi na maneno makali niliyoyapanga njia nzima. Leo, msomaji, nataka kukueleza kwa nini maneno yale sikuyasema, na kwa nini nimerudi pwani nikiwa na maoni ambayo baadhi ya wenzangu wa barazani hawayapendi.

Osiri ni mahali pa wachimba dhahabu. Mashimo yamezagaa kila upande, vijana wanashuka kwa kamba mpaka jua linawapotea, na juu mashine za kusaga mawe zinanguruma tangu alfajiri. Wanawake wameinama juu ya beseni, wanachanganya mchanga uliosagwa na zebaki kwa mikono mitupu, na zebaki ile ni sumu. Mwenye bahati hupata chembe ya kuuza, na asiye na bahati hurudi na deni la chai. Mara kwa mara ardhi huporomoka ikawafunika watu. Si mahali ambapo mtu angetarajia kusikia habari za milima ya Ulaya.

Mpwa wangu hachimbi. Alipofika mwanzo alivuta kamba za ndoo, lakini punde si punde akagundua kuwa wachimbaji wana njaa kuliko walivyo na dhahabu. Akajenga kibanda cha mabati, akaanza kupika pilau, mahamri na chai ya tangawizi. Siku ya Ijumaa watu hupanga foleni, Wajaluo, Wakuria na Watanzania, na wote wanamwita "Mpwani". Nilipoketi pale akaniletea maji ya kunawa, akanipa shikamoo, kisha akasimama na kitambaa mkononi kama bado yumo hotelini.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kijana huyu alikuwa mhudumu wa meza kwa miaka 14 katika hoteli moja ya ufukweni Malindi, ambayo sitaitaja. Alijifunza Kitaliano kwa kusikiliza, kama walivyojifunza mamia ya vijana wetu wa Malindi na Watamu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, waliambiwa waende nyumbani wakangoje. Wakangoja. Mshahara wa miezi miwili haukuja mpaka leo. Mwenzake wa jikoni, kijana wa Migori, ndiye aliyemwambia, "Twende kwetu, huko watu wanakula hata wasipopata kitu."

Nikamuuliza kwa upole, "Mwanangu, hii theluji imetoka wapi?"

Akacheka kidogo. "Mjomba, miaka 14 nimepeleka sahani. Mgeni akija ananiambia, kwetu sasa kuna theluji hivi, kuna mlima vile. Nami najibu ndiyo, ndiyo, bila kujua nasemea nini. Nataka wiki moja tu niende nikakione walichokuwa wakikisema. Na nataka wiki moja niletewe sahani mimi."

Maneno yangu makali yakanikwama kooni. Nikamwomba anionyeshe mipango yake.

DAFTARI LA SAFARI

Alileta daftari la shule. Nikiri kuwa nilitarajia ndoto, nikakuta hesabu. Ameandika bei ya tikiti ya ndege kwa kila mwezi wa msimu. Ameandika ada ya viza ya nchi za Schengen, euro 90 tangu Juni 2024, na pembeni ameongeza: "Wakikataa hazirudi." Ameandika bima ya safari, ambayo haikubaliwi ikiwa chini ya euro 30,000 za matibabu. Anajua kuwa maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwamba benki lazima itoe taarifa za akaunti yake. Kwa ajili hiyo amekuwa akipeleka pesa za pilau benki kila Jumatatu.

Bonde alilolichagua linaitwa Cogne. Limo katika Valle d'Aosta, kaskazini magharibi ya Italia, mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mgeni mmoja aliyekuwa akija Malindi kila mwaka alimsimulia habari zake. Akanieleza kuwa kuna aina mbili za mchezo huu wa kuteleza kwa mbao nyembamba, ambao wenyewe wanauita skii. Aina ya kwanza ni ya kupandishwa mlimani kwa mitambo na kushuka kwa kasi, na kila siku unalipia tikiti ya mtambo. Ya pili ni ya kwenda kwa miguu yako mwenyewe bondeni, kama mtu anayekimbia huku anateleza. Cogne inajulikana zaidi kwa hii ya pili. "Na hii ni rahisi kwa mfuko," akasema, "tena Mkenya ameshaicheza."

Ni kweli. Philip Boit, mkimbiaji wa huko Eldoret ambaye hakuwa ameona theluji kabla ya kupelekwa Finland mwaka 1996, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Katika mbio za kilomita 10 alikuwa wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kuondoka mpaka Boit afike, akamkumbatia pale mwisho wa njia, na baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka 2006 Boit alishindana tena katika Olimpiki ya Torino, na mbio zake zilifanyika Pragelato, bonde jingine la milima hiyo hiyo ya Italia. Kwa hiyo usemi wa barazani kwamba mtu mweusi na theluji wapi na wapi umekwisha kujibiwa zamani.

WAZEE WETU NA BARIDI

Lakini mimi sikuhitaji Olimpiki kunijibu. Nilipokuwa mtoto chuoni, mwalimu wetu alitufundisha mlango wa kupaka maji juu ya khufu, yaani viatu vya ngozi vinavyofunika vifundo, badala ya kuosha miguu. Mkaazi hupaka usiku na mchana mmoja, msafiri siku tatu. Sisi tulikuwa miguu mitupu, jasho linatutiririka, tukinong'onezana, "Nani atavaa khufu Malindi?" Mwalimu akasikia, akasema kuwa elimu haikuletwa kwa ajili ya Malindi peke yake. Miaka zaidi ya 40 baadaye nimeketi Osiri namweleza mpwa wangu mlango ule ule, kwa sababu kule aendako maji ya bomba ni kama kisu.

Tuangalie pia lugha yetu. Neno theluji limetoka Uarabuni, na barafu limetoka Uajemi, ambako maana yake hasa ni hiyo theluji. Watu wa joto kali walijiwekea majina mawili ya kitu ambacho wengi wao hawakukiona maishani. Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipotoka Rabai akauona weupe juu ya Kilimanjaro, kiongozi wake wa njia aliuita kwa neno moja tu, baridi. Huko London walikuwako wataalamu waliobisha kwa miaka kuwa haiwezekani theluji ikawa karibu na ikweta. Kiongozi wetu hakuhitaji kubishana. Alikuwa ameshasema.

Na Ibn Battuta, ambaye tunajivuna kuwa alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, hakuishia kwenye minazi yetu. Baada ya hapo alikwenda nchi za Waturuki na za mto Volga wakati wa baridi, na amesimulia kuwa alivaa makoti matatu ya manyoya mpaka akashindwa kupanda farasi bila kusaidiwa, na kwamba akitawadha kwa maji ya moto karibu na jiko, maji huganda ndevuni mwake. Hakuacha Swala, wala hakuacha safari.

Hata bonde hilo la Aosta si geni kwetu kama tunavyodhani. César Ollier na Joseph Brocherel walikuwa waongozaji wa milima kutoka Courmayeur, kijiji cha bonde hilo hilo. Tarehe 13 Septemba 1899 walifika pamoja na Mwingereza Halford Mackinder juu ya kilele cha Batian cha Mlima Kenya, watu wa kwanza wanaojulikana kufika hapo. Katika msafara huo walikuwamo wachukuzi wengi Waswahili. Majina ya watatu waliofika kileleni yamo vitabuni. Wale waliobeba mizigo, nani kati yetu anawajua? Hilo nitalirudia.

MGODI ULIOKWISHA

Kilichonigeuza moyo hasa hakikuwa theluji. Kilikuwa ni jambo ambalo mpwa wangu alilitaja kwa kupita tu, kwamba Cogne ilikuwa mgodi.

Naam. Kwa vizazi na vizazi watu wa Cogne walichimba chuma mlimani, juu kabisa ambako wakati wa baridi njia hufunikwa. Wachimbaji walijengewa kijiji chao huko huko juu, na chuma kilipelekwa chini kwenye kiwanda cha Aosta. Mwaka 1979 mgodi ukafungwa. Kijiji kilichokuwa kikila chuma kikabaki na mlima, ng'ombe na baridi. Hawakuhama wote. Walikuwa tayari ndani ya hifadhi ya Gran Paradiso, hifadhi ya kwanza ya taifa ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1922, ambamo mbuzi wa milimani wenye pembe ndefu walinusurika walipokuwa wakimalizika kwingine. Wakapokea wageni wa kiangazi kwa ajili ya hifadhi, na wageni wa baridi kwa ajili ya skii. Wanawake wao wameendelea kufuma mapambo ya nyuzi kwa vijiti vidogo bila kuchora ruwaza, wanafuata kumbukumbu, kama mama zetu wanavyokumbuka ususi wa mikeka.

Na liko jambo moja ambalo ningependa kila diwani wa pwani alisikie. Mbele ya kijiji hicho kuna uwanja mpana wa majani, uitwao Sant'Orso. Mahali pazuri kuliko pote, pa tambarare, panapotazama mlima. Pangeweza kujaa mahoteli hadi pakakosa pa kukanyaga. Wenyeji wameamua pasijengwe. Wakati wa kiangazi ni majani, wakati wa baridi watu wanateleza juu yake. Mgeni anakuja kwa ajili ya uwanja ule, na kwa sababu haukuuzwa, bado upo.

Sasa hebu tujitazame. Ufukweni kwetu ni njia ngapi za kwenda baharini, walizopita babu zetu na nyavu begani, zimezibwa kwa ukuta? Mvuvi anazunguka mbali kulifikia dau lake mwenyewe. Tuliuza uwanja wetu wa Sant'Orso kipande kwa kipande, na fedha zake hatuzioni.

Na hapa Osiri? Si mbali na pale nilipokuwa nimeketi uko mgodi wa Macalder, uliokuwa mkubwa, wa shaba na dhahabu, ukafungwa mwaka 1966. Waliofuata ni hawa wa kamba na ndoo. Dhahabu nayo itakwisha siku moja, kama chuma cha Cogne kilivyokwisha. Nikawauliza vijana waliokuwa wakila pilau, "Ikiisha mtafanya nini?" Mmoja akajibu, "Mzee, tutatafuta shimo jingine." Hakuna aliyecheka.

Basi nikamwambia mpwa wangu, "Ukienda kwa ajili ya kuteleza tu, mama yako ana haki ya kulia. Lakini ukienda ukaone watu wa mgodi wanavyoishi baada ya mgodi, utakuwa umekwenda kusoma, na mimi nitakusindikiza."

MALINDI YA BARIDI

Nayajua yatakayosemwa. Watasema huu ni ubadhirifu, na Mola hawapendi wabadhirifu. Watasema safari ya Muislamu ni ya Hija, ya elimu, ya biashara au ya kuunga jamaa, na kwamba kusafiri kwa starehe ni desturi ya wengine. Nami nimelelewa katika maneno hayo, wala siyadharau. Lakini nina swali. Mji wetu wa Malindi unakula nini? Unakula starehe za wengine. Tunawapikia, tunawatandikia, tunawachezea ngoma, na tunawaombea wasichelewe kuja. Vipi iwe halali kuwauzia watu mapumziko miaka 50, kisha iwe aibu kijana wetu mmoja kupumzika siku saba?

Tena mimi naona faida ambayo wanabaraza wenzangu hawajaitazama. Bonde la theluji ni ndugu wa mji wa ufukweni. Sisi tunangoja kaskazi, wao wanangoja theluji. Isipoanguka, hoteli zao hazijai, na siku hizi inapungua, hata wanawasha mitambo usiku kunyunyiza maji yagande. Korona ilipotufunga sisi, iliwafunga na wao, na msimu wa 2020 na 2021 mitambo ya kuwapandisha watelezaji Italia haikufunguliwa. Kule nako yumo mhudumu aliyeambiwa aende nyumbani akangoje. Mpwa wangu akimkuta mezani watafahamiana kabla ya kusema, kwa jinsi anavyoshika sinia.

Mtalii aliye wa kawaida hulipa, akala, akaondoka, na aliyemletea chakula hamkumbuki. Hivyo ndivyo majina ya wachukuzi wa Mackinder yalivyotupotea. Mtu aliyewahi kutumika ndiye anayeweza kusafiri bila kusahau. Kwa hiyo nasema wazi: aliyekuwa mwenyeji kwa riziki anastahili, walau mara moja katika umri wake, kuwa mgeni. Akirudi atakuwa mwenyeji bora, na atajua thamani ya kile anachokiuza.

MASHARTI YA MJOMBA

Sikumpa ruhusa ya bure. Nimemwekea masharti manne, na nayaandika hapa kwa sababu yamkini kuna wazazi wengine wenye watoto wa aina hii.

La kwanza, asikope hata senti. Ya kukopa ndiyo israfu yenyewe. La pili, paa la mama yake litangulie, makuti yameoza na masika yanakuja. Akifungua daftari akanionyesha kuwa ukurasa wa kwanza, kabla ya tikiti na kabla ya viza, ulikuwa umeandikwa "Mabati ya mama". Dada yangu hakuwa ameuona ukurasa huo. Nami nilikuwa nimeomba kuonyeshwa mipango ya theluji tu, nikafungua katikati. Niliona haya.

La tatu, aangalie kalenda. Miaka hii Ramadhani inaangukia katika miezi ya theluji, na si vyema kufunga katika nchi ngeni huku unajifunza kuanguka. Tena mwezi wa Disemba mchana wao ni mfupi, Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana ndani ya saa chache, basi ajipangie. Akinuia kukaa siku nne kamili mahali pamoja, huo si usafiri tena katika madhehebu yetu, Swala ataswali kamili. Nyama aulize, na asipopata jibu, ale samaki na jibini iliyo salama, hatakufa kwa siku saba.

La nne, akirudi asitufunulie picha zake peke yake. Aje barazani atueleze uwanja wa Sant'Orso ulilindwaje, nani alikubali na nani alikataa, na mgodi ulipofungwa mtu wa kwanza alifanya nini. Kisha arudi Osiri awaeleze wale wa kamba.

Amekubali yote, na kwa ajili ya paa ameahirisha safari kwa msimu mmoja. Usiku ule nilimpigia dada yangu. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza jambo moja tu: "Huko kwenye baridi, nani atampa shuka zito?" Nikajua ameshamruhusu.

Asubuhi, kabla sijapanda pikipiki, nilimwandikia beti moja nyuma ya daftari lake:

Enda nimekuridhia, kwa radhi tena kwa dua,
Mama ukishamwagia, na madeni kuyatua,
Aliyekutumikia, jina lake kulijua,
Mgeni aliyetua, ndiye mwenyeji wa kesho.